Mwenye Kutoa Pombe Aonje Kwanza: Je, Kuonja Kunamfunga Nani?

Utangulizi

Katika desturi za kukaribisha wageni, huku kwetu milimani na kule chini kando ya ziwa, iko moja ambayo watu wanaifanya bila kuifikiri: mwenye kutoa pombe anaionja kwanza mbele ya mgeni. Mama anayeuza kasikisi sokoni anamimina kidogo katika kopo, anakunywa, kisha anamimina tena na kumpa mnunuzi. Baba anayepokea wakwe anavuta mrija wa kwanza katika chungu, anameza, ndipo anasukuma chungu upande wa wageni. Wanaosema Kinyamulenge, sawa vile Warundi na Wanyarwanda, wana neno lake: gusogongera. Na kama mwenyeji amesahau, mgeni anamkumbusha bila haya: "Baba, weye kunywa kwanza, njo nami ninywe." Hakuna anayekasirika, juu ya kila mtu anajua kwamba hiyo ni haki ya mgeni.

Swali ninalotaka kuliweka mbele ya ndugu wasomaji ni hili: kuonja huko kunahakikisha nini hasa? Tena kunamfunga nani? Ni yule anayetoa peke yake, ao hata yule anayepokea?

Siulizi kwa mchezo. Toka mwaka 2017, na zaidi mwaka 2018 na 2019, vijiji vingi vya Bijombo na vya milima jirani vilichomwa, ng'ombe waliibiwa, na watu wa kabila zote walikimbia, wengine Uvira, wengine mbali zaidi. Kabla nyumba hazijaanza kuungua, mara nyingi kulikuwa na dalili nyingine iliyotangulia, ndogo, isiyoandikwa katika ripoti: watu waliacha kunywa mkononi mwa jirani. Mahali ambapo Munyamulenge, Mfuliru, Mvira, Mnyindu na Mbembe walikuwa wanakaa siku ya soko wakigawana kasikisi ya bidoni moja, kila mmoja alianza kuvuta kiti chake upande wa watu wake. Kwa hiyo jambo la kuonja pombe si jambo la walevi tu. Ni jambo la kuaminiana.

Pombe inayopanda mlima

Tuanze na kinywaji chenyewe. Kule juu kwenye baridi ndizi hazizai vizuri. Tuna maharagwe, mahindi, viazi na maziwa, lakini kasikisi inatoka chini, kwenye miteremko na mabonde yenye joto, na inapanda katika bidoni za manjano, mgongoni mwa watu, saa nyingi za kutembea.

Namna ya kuitengeneza inajulikana. Ndizi za pombe zinafukiwa shimoni pamoja na moto na majani, zinakaa siku kadhaa mpaka ziive. Zinamenywa, zinakamuliwa kwa majani makavu ndani ya mti uliochongwa sawa mtumbwi, maji yanaongezwa, juisi inachujwa. Kisha inatiwa unga wa mtama uliokaangwa, na inafunikwa siku mbili ao tatu ichachuke. Mwenye kutaka faida nyingi anaongeza maji mengi. Mwenye kutaka heima anaongeza machache ao anaacha kabisa, na hapo inatoka ile kali, inayodumu zaidi, ambayo Warundi wanaiita insongo. Hiyo ndiyo ya wazee, ya mahari na ya kumaliza kesi. Hainywewi kwa pupa. Mzee anaiweka ulimini, ananyamaza kidogo, halafu anasema: hii imezidi moshi, hii ndizi zake hazikuiva, hii ni ya mtu mwenye mikono safi.

Angalieni neno la mwisho. Ameonja pombe, lakini hukumu yake imemfikia mtu aliyeipika. Hapo ndipo mambo yetu yanatengana na yale ya nchi nyingine.

Kuonja kwa watu wa mapipa

Huko Uskoti na Marekani kuna bia kali ambazo sifa yake ni kulazwa ndani ya mapipa yaliyowahi kuwa na wiski. Historia ya mapipa hayo inapendeza. Sheria ya Marekani inataka wiski iitwayo bourbon ilazwe katika chombo kipya cha mti wa mwaloni, kilichochomwa moto upande wa ndani. Kwa hiyo pipa likishatumika mara moja haliwezi kurudia kazi ile ile. Mengi yanauzwa Uskoti, ambako wiski inapaswa kukaa ndani ya mwaloni miaka 3 kwa uchache. Mti umekunywa wiski, na kinywaji kitakachofuata kitaikuta humo.

Kampuni ya bia ya Innis & Gunn, ya Edinburgh, ilizaliwa mwaka 2003 kutokana na kazi ya namna hiyo, lakini kwa kinyume. Watengenezaji wa wiski, William Grant & Sons, walitaka mapipa yao yapate kwanza harufu ya bia, ili wiski itakayofuata iibebe. Walimwomba mpishi wa bia Dougal Sharp awatengenezee bia ya kulowanisha mapipa. Bia ilikaa humo majuma kadhaa, ikafanya kazi yake, kisha ilikuwa ya kumwagwa. Lakini wafanyakazi waliionja kabla ya kuimwaga, wakaikuta tamu ajabu. Habari ikamfikia Sharp, na kile kilichokuwa cha kutupwa kikawa cha kuuzwa.

Leo watu wa nchi hizo wanakusanyika kuonja bia za mapipa. Nyingine zinapita asilimia 10 za alkoholi, ni kusema mara mbili ya Primus tunayoijua. Kwa sababu hiyo wanatumia glasi ndogo. Wananusa, wanaweka kidogo mdomoni, wanatafuta kama kuna vanila, moshi, ao mti wenyewe. Kisha wanaandika alama.

Sisi waalimu tunapenda kulinganisha, basi tulinganishe. Kwa wale, anayeonja ni mgeni, na anahukumu kinywaji. Haitaji kumjua mpishi, wala hana hofu naye. Nyuma ya glasi yake kuna kiwanda, sheria, maabara, lebo yenye jina na tarehe. Kikimdhuru, anajua mlango wa kupiga hodi. Kwetu, anayeonja ni mwenyeji, na anajiweka yeye mwenyewe chini ya hukumu. Kasikisi haina lebo. Lebo yake ni uso wa mama aliyeileta, na kumeza kwake ndiyo sahihi yake.

Hata chupa ya kiwandani tumeiingiza katika desturi yetu. Ukiagiza Primus ao Fanta popote kutoka Uvira mpaka Bukavu, mhudumu anaifungulia mbele ya macho yako. Akikuletea ikiwa wazi, unairudisha. Kizibo kimechukua mahali pa mkupuo wa kwanza.

Swali la wanafunzi

Nilipowahi kuzungumza jambo hili na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, kijana mmoja alisema: "Mwalimu, hiyo haitoshi. Mtu anaweza kunywa kwanza, kisha akatia sumu wakati wa kukupa." Wote wakaitika, kwa maana kila mmoja amesikia kule nyumbani habari ya sumu inayofichwa chini ya ukucha wa kidole gumba, inayoingia katika kopo wakati wa kulipokeza. Mwingine akataja karuho, ile sumu ya polepole ambayo Kivu Kusini nzima inaisema: mtu anakonda, anakohoa, tumbo linavimba, na familia inaanza kuhesabu ni nyumbani mwa nani alikunywa mara ya mwisho.

Wanafunzi wana haki. Kuonja hakuhakikishi kwamba pombe ni salama. Tuseme zaidi: hata kama hakuna ukucha wala nia mbaya, ulimi hauwezi kugundua kila kitu. Mwezi wa nne mwaka 2010, watu wengi walikufa upande wa Kabale, nchini Uganda, kwa waragi iliyochanganywa na metanoli. Metanoli ndani ya pombe kali haijulikani kwa kuonja. Na sisi wenye lutuku katika kila kijiji tusijidanganye kwamba tuna ulimi mkali kuliko wa Kabale.

Lakini mfano mzito kuliko yote ni wa Chitima, katika mkoa wa Tete, nchini Msumbiji. Mwezi wa kwanza mwaka 2015 watu walikusanyika huko kwa msiba, wakanywa pombe ya kienyeji, ambayo hata wao wanaiita pombe. Watu 75 walikufa. Maneno yakaenea upesi: kuna mtu ametia nyongo ya mamba ndani ya pipa. Si raia tu waliosema hivyo, hata wakubwa wa serikali walilitaja. Baadaye wataalamu walichunguza pombe ile na unga wake katika maabara, na utafiti wao ulitangazwa miaka michache baada ya msiba. Hawakukuta nyongo ya mamba. Walikuta sumu iitwayo asidi ya bongkreki, inayotengenezwa na bakteria wanaokua ndani ya unga wa mahindi ulioharibika. Haina harufu, haina ladha. Hakuna mtu aliyetia kitu chochote. Na mama aliyeipika pombe ile alikuwa yeye mwenyewe kati ya waliokufa.

Tusimame hapo kidogo. Mama yule alifanya kila jambo ambalo desturi inalitaka. Alikunywa kile alichowapa wenzake. Je, kunywa kwake kuliwaokoa? Hapana. Je, kulionyesha ukweli wake? Ndiyo, kabisa. Mtu mwenye kujua kwamba kuna sumu hainywi. Lakini maneno ya nyongo ya mamba yaliendelea hata hivyo, sawa vile kifo chake hakikusema neno. Waliomrudishia jina lake ni watu wa maabara, si majirani.

Kuonja ni kiapo cha watu wawili

Sasa tunaweza kujibu. Mwenyeji anapoonja kwanza, hasemi: "Pombe hii haiwezi kukudhuru." Hilo hana uwezo wa kulijua. Anasema: "Kama ina ubaya, unipate mimi kwanza. Sina jambo ninalolijua ambalo weye hulijui." Ni kiapo, na kiapo si cheti cha maabara. Anajiondoa upande wake wa kopo na kuja kusimama upande wa mgeni.

Ikiwa ni hivyo, basi mgeni naye ana deni. Hili ndilo tumelisahau. Kila mtu anajua kudai: "Onja kwanza!" Ni wachache wanaojua kwamba yule aliyedai, na akaonjewa, amejifunga. Ukishaona mwenzako amemeza mbele yako, nawe ukapokea na kunywa, umekubali kiapo chake. Huna ruhusa ya kurudi nyumbani, na wiki ijayo tumbo likikuuma, kusema: "Ni ile kasikisi ya mama fulani." Kama ulikuwa na mashaka, ulipaswa kukataa kopo palepale, kwa heshima, wala hakuna desturi inayomlazimisha mtu kunywa. Lakini kupokea kiapo cha mtu na kisha kumsemea nyuma yake ni kuapa uongo, hata kama kinywa chako hakikusema neno la kuapa.

Wengine watanijibu kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri kwa mambo mengine. Katika jambo la sumu imeua. Huku kwetu neno "karuho" likitajwa pamoja na jina la mtu, mara nyingi halingojei daktari. Tumeona wazee, na zaidi wamama wajane, wakipigwa na umati, nyumba zao zikiangushwa, wengine wakiuawa, kwa ugonjwa ambao pengine ulikuwa kifua kikuu, ini, ao ukimwi. Na kama aliyetajwa ni wa kabila jingine, basi si mama mmoja tena. Ni kijiji na kijiji.

Wenye kupinga

Kuna ndugu wa makanisa ambao hawanywi pombe hata kidogo, na milimani ni wengi. Watasema: mambo haya hayatuhusu. Nawaheshimu, tena sikuandika ili kumsukuma mtu kunywa. Pombe kali imebomoa nyumba nyingi, na wanafunzi wanaokuja darasani wakinuka lutuku tunawajua. Lakini desturi ninayoisema haiko katika alkoholi. Iko katika maziwa, chai, ugali, na hata dawa. Mwenye kutoa kitu ashiriki hatari yake, na mwenye kupokea aheshimu ushirika huo. Muumini anayekunywa Fanta iliyofunguliwa mbele yake yumo ndani ya desturi ile ile.

Kuna pia waganga wa hospitali, wanaotuambia kwamba mrija mmoja kwa watu kumi unaleta magonjwa. Uvira ni mji unaojua kipindupindu kwa muda mrefu, na mwaka 2020, wakati wa Covid-19, wengi waliacha kugawana mirija na makopo. Wana haki. Na kwa bahati nzuri kuonja hakudai mdomo mmoja. Mwenyeji anaweza kumimina kutoka bidoni moja katika makopo mawili yaliyooshwa, akanywa lake, mgeni akanywa lake. Kiapo kiko katika bidoni, hakiko katika mate.

Wengine watasema mwisho: "Mwalimu, watu wamechomeana nyumba, na weye unatuambia habari ya makopo?" Ndiyo, nawaambia, kwa sababu desturi hii inatupa kipimo cha mambo makubwa. Tumeletewa mapatano mengi ya amani, yaliyoandikwa mbali na milima, na watu wasiolala milimani. Tumeletewa pia maneno ya vita na watu ambao watoto wao wanasoma kwa utulivu katika miji ya mbali. Kwa wote hao tunaweza kuuliza swali la mgeni kwa mwenyeji: weye umeonja? Anayesema "rudini vijijini, kuna usalama," alale huko usiku mmoja. Anayesema "vijana, simameni," asimamishe wake kwanza. Hilo si jeuri. Ni adabu ya kizee, ile ile ya chungu.

Na swali linarudi kwetu pia. Jirani wa kabila jingine akirudi, akafungua tena duka lake, akapanda mlima na bidoni yake, akanywa mbele yetu, sisi tutafanya nini?

Kwa kumaliza

Ningependa tufundishe vijana wetu desturi hii pande zote mbili, si upande wa kudai peke yake. Mwenye kuuza ao kukaribisha aonje mbele ya watu, hata kama hakuombwa. Aseme imepikwa lini, kwa ndizi gani, kwa unga gani, na unga wenye ukungu autupe, hata kama njaa inauma, kwa maana Chitima imetuonyesha unachoweza kufanya. Mwenye kupokea akiwa na mashaka akatae pale pale. Akipokea, amepokea. Na mtu akiugua baada ya kunywa, apelekwe kituo cha afya kabla jina la mtu yeyote halijatajwa. Pombe iliyobaki isimwagwe kwa hasira, ihifadhiwe ndani ya chupa iliyofungwa, daktari aione. Wakubwa wa vijiji na wachungaji wanaweza kulisaidia hilo kuliko sheria yoyote, kwa kukataa kusikiliza shitaka la sumu lisilo na karatasi ya mganga.

Wazee walijua kwamba kasikisi kali haipimwi kwa wingi wa kopo. Mkupuo mdogo unatosha kujua kama ni nzuri. Vivyo hivyo mkupuo mdogo wa mwenyeji unatosha kumfunga mgeni, kama mgeni naye ana adabu. Siku ya soko ijayo, mama akimimina na kunywa mbele yako, umalize kopo lako, umlipe, na ukifika nyumbani useme ulinywa kwake na ulikuwa salama. Maneno hayo nayo yanatembea upesi.